Melimeli na Ogandi

Mara kwa mara twasikia kila kitambaa cha pamba chembamba, ambacho mkono waonekana nyuma yake, kikiitwa "melimeli". Neno hili ni zuri, nalo lilitujia kutoka Bara Hindi, ambako husemwa malmal. Lakini si haki kulibebesha vitambaa viwili. Melimeli ni laini, huteremka mwilini kama maji, ndiyo sababu ikapendwa kwa vilemba. Ogandi, ambayo hushonwa kanzu za ubatizo, za Komunyo ya Kwanza na za arusi, ni ngumu: ukiikunja huchakacha mkononi, na ikivaliwa husimama mbali na mwili.

Mtu angedhani tofauti i katika nyuzi. Sivyo. Vyote viwili ni pamba, vyote hufumwa kwa namna nyepesi kabisa, mshindio ukipita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya ule ufuatao. Tofauti yatokea baada ya kufuma. Ogandi hupitishwa katika tindikali kali ya salfa kwa sekunde chache tu, kisha huoshwa upesi kwa maji baridi. Tindikali huyeyusha kidogo uso wa kila uzi, nao ukikauka huwa mgumu na mwangavu. Ikikawia, pamba yote huliwa. John Mercer, Mwingereza wa Lancashire, alikwisha kutaja kazi ya tindikali hii juu ya pamba katika hati ya uvumbuzi wake ya mwaka 1850. Lakini ni Waswisi, hasa kiwanda cha Heberlein huko Wattwil, walioikamilisha katika karne ya 20.

Hapo ndipo penye hasara. Melimeli ya bei ndogo yaweza kutiwa wanga na kuuzwa kwa jina la ogandi. Binti huvaa Jumapili moja; kanzu ikifuliwa wanga hutoka, na fedha ya mama imepotea. Basi kabla ya kununua kitambaa kingi, yafaa kuomba kipande kidogo, kukisugua katika maji ya moto, na kukipiga pasi kingali na unyevu. Ogandi ya kweli hurudia ugumu wake. Ile ya wanga hubaki imelegea. Mwalimu mwenye iodini ya vidonda aweza kutia tone moja: penye wanga hugeuka buluu iliyokoza. Walakini tone hili peke yake halitoshi, maana hata ogandi halisi hutiwa wanga na madobi wengine.

Tena fundi akumbuke kuficha mapindo ndani ya mshono, kwa kuwa katika kitambaa hiki kila uzi uliokatwa vibaya waonekana nje.