Elimu Maalumu Kanda ya Ziwa (3): Kijana Aliyevuka Umri

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, izinduliwe Dodoma Februari 1, 2025, kila kikao cha wazazi kinazungumzia mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi. Nami narudia swali langu la siku zote: kijana kiziwi wa miaka 19, au binti mwenye ulemavu wa akili aliyemaliza kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi, ataingia mkondo upi? Shule ya msingi Mitindo ya Misungwi, tuliyoizungumzia katika makala iliyopita, hulea watoto wenye ulemavu. Leo ni zamu ya kaka na dada zao.

Wanaodai mtu mzima hafundishiki hawaijui historia ya Mwanza. Baada ya mkutano wa Tehran wa 1965 kuhusu kufuta ujinga, UNESCO na serikali yetu walianzisha mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake makuu yakiwa hapa hapa Mwanza. Ulihudumia pia Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mtu wa Bukoba kwa kitabu cha migomba. Hakuna aliyeulizwa kwa nini amechelewa! Mwaka 1970 Ukerewe ikawa miongoni mwa maeneo sita yaliyotakiwa kumaliza ujinga kabla ya wengine. Nchini kote, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili mwaka 1967. Kufikia 1975 walikuwa asilimia 39. Hayo yalifanyika chini ya miembe, kwa taa za chemli, katika nchi maskini kuliko ilivyo leo.

Mbinu ile ya kujifunza kupitia kazi ndiyo inayomfaa kijana ninayemsemea. Katika ushonaji, fundi mzuri humshikisha mwanafunzi kiziwi ubavu wa cherehani mpaka kiganja kizoee mtetemo wake. Uzi ukikwama, mkono unajua kabla ya jicho. Somo hilo halifundishwi kwa wanafunzi 60 kwa pamoja. Linataka darasa dogo na mwalimu asiye na haraka, na ni aibu kuupima udogo huo kama hasara.

Serikali ilikuwa na chuo kidogo cha ufundi cha namna hiyo kwa watu wenye ulemavu huko Mirongo, mjini Mwanza, ndugu wa vyuo vya Yombo ya Dar es Salaam, Luanzari, Masiwani, Mtapika na Sabasaba ya Singida. Kwa miaka mingi vingi kati ya hivyo vilisinzia, mzigo ukabaki Yombo na Sabasaba. Mzazi wa Sengerema ampeleke mwanawe Dar es Salaam kwa nauli ipi?

Mirongo ipewe walimu, cherehani na bweni kabla hatujachapisha bango lingine la amali. Na wahitimu wake wana mlango wa ajira: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi kwa watu hawa, na viwanda vya samaki vya Mwanza vimo humo.