Maji ya Hosteli: Kweli au Si Kweli?

Mito ya Maragua, Gikigie na Irati hushuka kutoka msitu wa Aberdare, na sehemu ya maji yake imeelekezwa kwenye handaki la karibu kilomita 12 ili yakafike bwawa la Ndakaini na kuinywesha Nairobi. Hata hivyo, kijana wa Kangari akijiunga na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a, au Dedan Kimathi kule Nyeri, hutumia pesa zake chache kununua maji ya chupa. Huko hosteli ameshaambiwa mengi.

"Maji ya mto yanayong'aa hayana shida." Si kweli. Kabla mto haujafika sokoni Kangari umepita kwenye mashamba ya chai yenye mbolea, mazizi na vyoo vya shimo. Vijidudu vya taifodi havichafui rangi ya maji.

"Ya chupa ni safi kuliko ya mfereji." Si lazima. Maji ya kampuni hutiwa shabu, huchujwa, kisha hutiwa klorini. Ile harufu inayowakera wengi ni klorini iliyobaki ili iyalinde njiani. Yaache kwenye jagi saa chache, itapungua. Nayo chupa ina mambo yake. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima maji ya chupa yanayouzwa Marekani wakakuta wastani wa chembe 240,000 hivi za plastiki katika kila lita. Madhara yake mwilini bado yanachunguzwa, lakini anayelipia usafi anastahili kulijua hilo.

"Nimechemsha, nimemaliza." Kweli nusu. Hapa ndipo wengi huugulia. Kwenye miinuko ya mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Vijidudu hufa vilevile, ila yaache yatokote dakika tatu nzima. Usizime koili mara tu uonapo mapovu. Kisha yanamiminwa wapi? Mara nyingi ni ndani ya jerikeni lilelile lililochota maji mabichi, au ndoo wazi ambayo kila mgeni chumbani huchovya kikombe chake. Kazi yote ya moto imepotea. Chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, kilichosuguliwa kwa sabuni, kina thamani kuliko katoni ya chupa. Na kwa anayesomea Nakuru, kuchemsha hakuondoi floridi ya visima virefu. Maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

"Chupa moja haidhuru mazingira." Si kweli. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga na misitu inayohifadhiwa. Mwanafunzi anayepanda Mlima Kenya anatakiwa aziache nje ya lango, kisha akirudi chuoni anazitupa kwenye lundo linalochomwa nyuma ya hosteli, na moshi wake unaingia madirishani.

Kuna jambo moja ambalo wapangaji hawaulizi: tangi jeusi lililo juu ya paa. Kampuni ya maji hailiangalii; ni la mwenye nyumba. Muulize keateka lilioshwa lini, na kama kifuniko chake kipo.