Mkuu wa Ushuru Naye Asailiwe Hadharani

Kila uvumi unapozuka kwamba kiti cha Kamishna Mkuu wa Halmashauri ya Ushuru nchini, KRA, kitapata mtu mpya, swali la kwanza linaloulizwa Nyeri, Karatina, Nanyuki na hata Embu ni moja: je, ni mtu wetu? Huulizwa na wenye maduka, huulizwa na makarani wa vyama vya ushirika vya kahawa na, la kusikitisha, huulizwa hata katika vyumba vya walimu, mahali ambapo mtu angetarajia swali lenye uzito zaidi.

Na tulijibu swali hilo kwa historia. Kuanzia mwaka 2003, Bw Michael Waweru alipoteuliwa, hadi Februari 2023, Bw Githii Mburu alipojiuzulu, wakuu kamili wa halmashauri hiyo walikuwa watatu tu, wa kati yao akiwa Bw John Njiraini. Ni majina ambayo mkazi wa Mlima Kenya huyatamka bila kujikwaa. Miaka 20! Je, muuzaji nyanya wa Karatina alipunguziwa hata senti moja kwa ajili ya majina hayo? Hakupunguziwa, wala hangeweza kupunguziwa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba kodi haitozwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa mujibu wa sheria. Kamishna hukusanya kile ambacho Bunge limekwisha kupitisha. Vijana waliojitokeza barabarani Nyeri na Nanyuki mnamo Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walilifahamu jambo hilo vyema kuliko wazee wao: hasira yao waliielekeza kwa Bunge, na hatimaye Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo.

Hata hivyo, ipo tofauti ambayo kiongozi huleta, nayo si haba. Bw Waweru alipoingia, halmashauri ilikuwa ikikusanya yapata Sh200 bilioni kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2011/2012 kiasi hicho kilipita Sh700 bilioni. Uchumi ulikuwa umekua na bei zimepanda, kwa hivyo si haki kumvika mtu mmoja sifa zote. Lakini mfumo wa kompyuta wa Simba, ulioanza kutumiwa forodhani mwaka 2005, haukuingia wenyewe. Ulihitaji mkuu mwenye kuamua, na mwenye moyo wa kuwakabili waliozoea kunufaika na karatasi zinazopotea.

Majirani zetu wa Uganda wamejaribu njia zote. Mamlaka yao ya mapato ilipoundwa mwaka 1991, waliyemkabidhi uongozi ni Edward Larbi Siaw, raia wa Ghana. Mwaka 2001 wakamleta Annebrit Aslund kutoka Sweden. Mgeni njoo mwenyeji apone, labda ndivyo walivyofikiri. Lakini anayetajwa zaidi hadi leo ni Bi Allen Kagina, Mganda aliyeshika usukani mwaka 2004 na kuwataka watumishi wa mamlaka hiyo waombe kazi zao upya. Hebu mwalimu atafakari: ni wangapi kati yetu wangeridhia kuomba upya kazi tuliyo nayo?

Hapa kwetu sheria inasema Waziri wa Fedha humteua Kamishna Mkuu kwa pendekezo la bodi ya halmashauri. Basi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Mdhibiti wa Bajeti, ambao huchunguza namna fedha zinavyotumiwa, Katiba inawalazimu kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na wananchi huwasikia wakihojiwa juu ya mali yao na maisha yao. Anayezikusanya fedha hizo haendi huko. Jina lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, nasi tukabaki kulikagua tujue latoka ukoo gani. Tutafanya nini kingine, ikiwa hatukuonyeshwa jambo jingine lolote la kumpimia?

Eneo hili lina sababu ya kuwa na kumbukumbu ndefu. Kodi ya kibanda, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1901, ilipowafikia watu wa mlima huu ilikusanywa kwa mikono ya machifu walioteuliwa na mkoloni kwa vigezo ambavyo mwanakijiji hakuelezwa. Wengi wao walikuwa “watu wetu”. Mifugo ya wasiolipa ilichukuliwa vilevile.

Na pale tunaponufaika, tusiinamishe macho. Mwaka 2023 KRA iliajiri wasaidizi 1,406, na zaidi ya nusu wakawa wa jamii mbili, mojawapo ikiwa jamii yenye wakazi wengi katika miji hii. Shauri likafika Mahakama Kuu. Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008 hairuhusu jamii moja kupita thuluthi moja ya watumishi katika taasisi ya umma. Mwanafunzi wa Turkana au Kwale aliyeomba kazi ile alikuwa na cheti kama cha mwenzake wa Othaya.

Mwanafunzi huyohuyo akikaribia kuajiriwa katika kazi ya umma huweza kudaiwa cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la ushuru, hata kama hajawahi kupokea mshahara. Asipowasilisha taarifa yake tupu kufikia Juni 30, huweza kutozwa faini ya Sh2,000. Kijana asiye na kazi anapigwa msasa hivyo. Mkuu wa wanaompiga msasa anapita mlango wa nyuma.

Marekebisho yanayohitajika hayazidi aya moja katika Sheria ya KRA: jina la anayependekezwa lipelekwe Bungeni, mahojiano yawe ya hadhara, na alama za waliosailiwa zichapishwe. Mbunge wenu atakapofika shuleni siku ya kutuza wanafunzi, mwulizeni kama yu tayari kuiwasilisha.