Kodi ya nyumba pwani inavyogusa afya ya mtoto

Mtoto akikohoa usiku kucha, mzazi hufikiria dawa. Wachache hufikiria kodi ya pango.

Kwa familia zinazoishi maeneo ya utalii, mambo hayo mawili yanakaribiana. Nyumba zinapogeuzwa kuwa za wageni wa wiki mbili, mkazi wa mwaka mzima hubaki na njia mbili: kubanana chumba kimoja na wanawe, au kuhamia mbali na kazi.

Zanzibar ni mfano wa karibu. Mwaka 2019 ilipokea watalii zaidi ya 500,000, na vijiji vya wavuvi kama Nungwi, Paje na Jambiani leo vina hoteli na nyumba za wageni kila upande. Mwenye nyumba anayeweza kulipwa dola kwa usiku mmoja hana haraka ya kumpangisha mpishi au dobi kwa mwezi.

Kazi yenyewe ina msimu. Masika ya Aprili na Mei yakiingia, wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga na vibarua hurudishwa nyumbani. Kodi haina msimu, na mara nyingi hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Msongamano na maradhi

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu makazi na afya, likizitaka nchi ziwe na mikakati ya kupunguza msongamano ndani ya nyumba. Sababu ni kwamba watu wengi wanapolala chumba kimoja, kifua kikuu, magonjwa ya njia ya hewa na ya kuhara huenea kwa urahisi.

Mtoto wa chini ya miaka mitano yuko kwenye hatari zaidi. Akiambukizwa kifua kikuu, anaweza kuugua haraka, na wakati mwingine ugonjwa hufika hadi kwenye utando wa ubongo.

Kuhamia mbali nako kuna gharama. Mama anayepanda daladala alfajiri na kurudi usiku hawezi kumnyonyesha mtoto wake mchana, hata kama mwajiri anampa muda wa kufanya hivyo.

Wengine walifanyaje?

Whistler, mji wa michezo ya theluji nchini Kanada, ulianzisha mamlaka yake ya nyumba mwaka 1997. Nyumba zilizo chini ya mpango huo ni za wafanyakazi na wastaafu wa hapo, na mwenye nyumba akiuza, hawezi kupandisha bei kadiri soko linavyotaka. Hata kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka 2010 kiligeuzwa kuwa makazi ya wenyeji.

Huko Vail, katika jimbo la Colorado, Marekani, tangu 2017 halmashauri ya mji humlipa mwenye nyumba anayekubali sharti kuandikwa kwenye hati: nyumba itakaliwa na mtu anayefanya kazi eneo hilo. Nyumba ikiuzwa, sharti linabaki.

St Ives, Uingereza, wakazi walipiga kura mwaka 2016 kwamba nyumba mpya ziwe za kuishi moja kwa moja, si za likizo tu. Hata hivyo, sharti hilo halikugusa nyumba za zamani, hivyo wanunuzi wa nje bado walikuwa na pa kwenda.

Miji hiyo mitatu haikumuachia mwenye nyumba aamue kwa huruma yake. Iliweka sharti kwenye nyumba yenyewe. Zanzibar ina nafasi ya kufanya hivyo, kwa kuwa kisheria ardhi yake ni mali ya umma na mwekezaji hupewa haki ya kuitumia tu. Mkataba unaotaja idadi ya vyumba vya watalii unaweza pia kutaja nyumba za wafanyakazi na familia zao.

Mzazi afanye nini sasa?

Kama mnalala wengi chumba kimoja, fungua madirisha mchana, na usiku acha hewa ipite huku watoto wakiwa ndani ya chandarua. Mtu mzima akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, apelekwe kituo cha afya kupima kifua kikuu, na watoto anaoishi nao wachunguzwe pia.

Kabla ya kulipa kodi, andikishaneni mkataba mbele ya sheha au mwenyekiti wa mtaa, ukionyesha kiasi, muda na notisi ya kuhama. Jaribu kumuomba mwenye nyumba ulipe zaidi msimu wa wageni na kidogo wakati wa masika.

Na kama familia ina kiwanja karibu na ufukwe, wote wenye haki wakae kikao kabla ya kuuza. Fedha za kiwanja huisha, na wajukuu watahitaji pa kuishi.