Pointi na Kisanduku: Namna ya Kutia Cheche ya Elektroniki katika Motokaa ya Zamani

Nadhani wengi wetu tumepata kuona motokaa ya zamani imesimama kando ya njia, boneti imeinuliwa, na dereva ameinama akisugua kitu kidogo kwa msasa. Kitu hicho mara nyingi ni pointi. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji pointi ni nini, kwa nini watu wengine huziondoa na kutia kisanduku cha elektroniki mahali pake, na kama jambo hilo linatufaa sisi. Likizo ya Juni nilimsaidia fundi mmoja wa Tandika, Temeke, kuifanya kazi hiyo katika Land Rover ya babu yangu ya mwaka 1974. Motokaa hiyo bado huleta nazi na mihogo kutoka Mkuranga. Ikilala njiani, mihogo huharibika, na nyumba nzima huona taabu.

Kwanza yafaa tujue cheche hutoka wapi. Betri hutoa volti 12 tu, nazo hazitoshi kuruka mwanya wa plagi. Kwa hiyo umeme hupitishwa katika koili, ambayo ndani yake mna nyaya mbili: moja nene iliyozungushwa mara chache, na nyingine nyembamba iliyozungushwa maelfu ya mara. Mkondo ukipita katika waya nene, koili huwa sumaku. Mkondo huo ukikatwa ghafula, nguvu ya sumaku hutoweka, na katika waya nyembamba huzaliwa volti nyingi, hata 20,000. Hizo huingia katika distributa, na rota huzigawia plagi moja baada ya moja. Wenzangu wa kidato cha nne wataona kuwa hili ni somo letu la usumakuumeme.

Je, nani hukata mkondo? Ndiyo kazi ya pointi. Ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Katikati ya distributa mna mhimili wenye pembe nne; kila pembe ikipita husukuma kisigino cha pointi, nazo huachana. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi huachana mara 100 kila sekunde, yaani mara 360,000 kwa saa moja. Si ajabu basi zikichoka. Kondensa husaidia kuzuia zisiungue, lakini haizuii kabisa. Mwanya wake ni mdogo, kama milimita 0.4 hivi. Kisigino kikilika, mwanya hupungua, cheche huchelewa, na injini hupoteza nguvu huku ikinywa petroli zaidi.

Hata hivyo tusizidharau pointi. Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, na siku hizo pointi ndizo zilizokuwa kawaida ya motokaa.

Sasa tutazame kisanduku. Mwaka 1879, Edwin Hall wa Marekani aligundua kuwa mkondo ukipita katika kipande chembamba cha metali, na sumaku ikakaribishwa, volti ndogo huonekana ubavuni mwa kipande hicho. Mwaka 1947 ikavumbuliwa transista, ambayo huweza kukata mkondo bila kitu chochote kuachana. Mambo hayo mawili yakiunganishwa, kazi ya pointi inafanyika. Pete yenye sumaku huvishwa juu ya mhimili wa distributa, na kila sumaku ipitapo mbele ya kisanduku, transista hukata mkondo wa koili. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kisigino cha kulika. Kampuni ya Chrysler ilitia cheche ya elektroniki katika motokaa zake zote za Marekani tangu mwaka 1973.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Tulifungua waya wa betri. Tukafungua kifuniko cha distributa bila kuchomoa nyaya za plagi, tukatia alama mahali rota ilipoelekea. Tukatoa rota, pointi na kondensa, tukafuta mafuta na vumbi. Tukafunga kisanduku kwa skrubu pale pale palipokuwa na pointi, tukavisha pete ya sumaku, na kuhakikisha kuwa haikwaruzi kisanduku. Waya mwekundu tukaufunga upande wa chanya wa koili, na mweusi upande wa hasi. Mwisho tukarudisha rota na kifuniko, tukawasha injini, na kupanga wakati wa cheche kwa taa maalumu.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 zilifungwa betri upande wa chanya kwenye bodi. Kisanduku cha kawaida kikitiwa humo huungua mara moja. La pili, koili ipimwe kwa mita, kwani koili isiyolingana na kisanduku hukiua. La tatu, swichi isiachwe wazi wakati injini imezimika. Tena tujue kwamba kisanduku hakiponyi kila ugonjwa. Plagi mbovu, kabureta chafu, na mhimili wa distributa uliolegea hubaki vile vile.

Yule fundi, ambaye kwa miaka mingi ameishi kwa kurekebisha pointi za watu, aliniambia, “Mwanangu, pointi huugua kabla ya kufa. Hiki kitakufa bila kuaga.” Neno hilo ni kweli. Pointi zikianza kuchoka, injini hukohoa siku kadhaa, na msasa hukufikisha nyumbani. Kisanduku kikifa, gari husimama, na katika njia ya Mkuranga hakuna duka la kuuza kingine.

Kwa sababu hiyo babu alitoa sharti. Alisema hatapakia mzigo mpaka nikitoe kisanduku na kurudisha pointi kwa mikono yangu, yeye akitazama saa. Nilitumia dakika 40. Kisha tukakirudisha kisanduku, na pointi na kondensa zikatiwa katika kopo chini ya kiti, pamoja na bisibisi na kipande cha msasa.

Basi ushauri wangu kwa wazazi wenye motokaa za namna hii ni huu: kisanduku ni kizuri, na Land Rover ya babu sasa huwaka asubuhi kwa mara ya kwanza. Lakini msitupe pointi, wala msimwache fundi anayezijua akazeeka bila kumfundisha kijana.