Mbono: Mahali Pake Ni Wigoni

Mbono kaburi mwaujua. Ndio mti ule wa majani mapana upandwao mipakani mwa viwanja na penye makaburi. Ng'ombe na mbuzi hawauli, na tawi lake likivunjwa hutoka utomvu. Mbegu zake nyeusi zina mafuta yapatayo theluthi ya uzito wake, na mafuta hayo yaweza kufanywa dizeli ya kuendeshea mitambo. Kwa ajili hiyo wakulima wengi wamehimizwa kuupanda, na katika nyumba nyingi watu wameulizana: Je, tuupande nasi? Twajibu: Upandeni, lakini wigoni, wala si katika shamba la chakula.

Asili ya mbono ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati; Wareno ndio walioueneza. Katika visiwa vya Cape Verde ulilimwa sana, na mbegu zake zilipelekwa Ulaya kufanyiwa sabuni na mafuta ya taa za utambi. Wala kuendesha mitambo kwa mafuta ya mimea si jambo jipya: mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, mtambo wa namna aliyoibuni Rudolf Diesel uliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Kuuotesha ni kazi nyepesi. Atakaye wigo upesi na akate matawi yaliyokomaa, yenye urefu wa dhiraa moja, ayaweke kivulini siku chache hata utomvu ukauke, kisha ayapande mwanzo wa mvua, shibiri moja kati ya tawi na tawi. Lakini mti wa tawi hauna mzizi mkuu; mti wa mbegu unao, nao hustahimili ukame zaidi. Basi atakaye miti ya kudumu na aloweke mbegu usiku mmoja, azipande kitaluni, kisha ahamishe miche mvua zinapoanza.

Mbegu zikivunwa hukaushwa na kukamuliwa. Kwa mashine ya mkono, kilo 4 au 5 hutoa lita 1 ya mafuta. Mafuta hayo ni mazito kwa mitambo mingi. Kwa hiyo huchanganywa na methanoli na magadi makali yaitwayo kostiki soda, yakajitenga: dizeli juu, gliserini chini. Kazi hii si ya jikoni, maana methanoli ni sumu tena hushika moto upesi. Mkulima na auze mbegu au mafuta. Kufanya dizeli na kuwe kwa mafundi.

Sasa, kwa nini twasema wigoni? Wengi waliambiwa kwamba mbono huzaa sana hata katika ardhi kavu na dhaifu. Ni kweli kwamba huishi humo. Lakini kuishi si kuzaa. Pasipo maji na mbolea mbegu zake ni haba. Mwaka 2009 wataalamu waliowapima mamia ya wakulima wa Kenya waliona kwamba waliolima mbono mashambani hawakurudisha gharama zao, wakashauri upandwe kuwa ua tu. Huko Kisarawe, Tanzania, ardhi ya vijiji 11, hekta zaidi ya 8,000, ilipewa kampuni ya kigeni ilime mbono. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Watu wengi wakakosa ujira, wala ardhi haikurudi mikononi mwao.

Engaruka, wilaya ya Monduli, ni habari nyingine. Huko watu waliupanda mbono ili kuzuia mifugo isiingie mashambani, na katika miaka ya 2000 wakapata kuuza mbegu za wigo huohuo. Hawakupoteza hata tuta moja la mahindi. Bei ya mbegu ikianguka, wigo wabaki wigo, nao huzuia upepo na kushika udongo usichukuliwe na mvua. Mafuta yakikosa mnunuzi, akina mama huyafanya sabuni. Na mashudu hutiwa shambani kuwa mbolea njema.

Lakini angalieni, wazazi na walimu: mbegu za mbono ni sumu, na ladha yake huwavuta watoto kama ya karanga. Mtoto azilaye hutapika na kuharisha vibaya. Apelekwe hospitali mara moja. Msiupande karibu na uwanja wa shule wachezapo wadogo, wala mashudu msiwape kuku wala ng'ombe.

Basi akija mtu kuwahimiza kupanda, mwulizeni kwanza: Nani atanunua, kwa bei gani kwa kilo, na kwa miaka mingapi? Mti huu haujazi ghala kabla ya mwaka wa nne au wa tano, na watoto hula kila siku. Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mahindi na mtama ndiyo mbachao wetu. Mbono na uyazunguke, usiyaondoe.