Istilahi za Mashindano ya Kandanda ya Wanawake wa Afrika Mashariki na Kati

Katika makala haya tunakusudia kueleza matumizi ya istilahi chache zinazohusu mashindano ya kandanda ya wanawake yanayoendeshwa na Baraza la Vyama vya Mpira wa Miguu vya Afrika Mashariki na Kati, ambalo hujulikana zaidi kwa kifupi chake, CECAFA. Hatukuchagua uwanja huu kwa sababu una upungufu wa maneno. La, maneno yapo tele. Taabu iliyopo ni ya namna nyingine, nayo inatokana na jambo ambalo aghalabu sisi wapenzi wa Kiswahili hujivunia.

Jambo lenyewe ni hili. Sarufi ya Kiswahili haibagui mume na mke. Mlinda mlango ni mlinda mlango, nahodha ni nahodha, na kiambishi a- katika "alifunga" humtosha kila mtu. Lugha nyingine zimepata shida kubwa wanawake walipoingia uwanjani. Waingereza, mathalani, walikuwa wakimwita mshika kibendera kwa neno lenye maana ya "mwanamume wa mstarini", na ilipofika mwaka 1996 jina hilo liliondolewa katika sheria za mchezo, likawekwa lenye maana ya mwamuzi msaidizi. Kwetu mshika kibendera hakuhitaji kubatizwa upya, maana kibendera hakiulizi kimeshikwa na nani. Kadhalika "mchezaji bora wa mechi" ni istilahi iliyozaliwa ikiwa imekamilika, ilhali wenzetu walianza na "mwanamume wa mechi" wakalazimika kurudi nyuma kuirekebisha.

Hata hivyo faida hiyo ina gharama yake. Katika lugha inayotofautisha jinsi, msikilizaji akichelewa kufungua redio atajua kwa kiwakilishi kimoja tu kwamba wanaocheza ni wanawake. Kwetu hatajua. Maadam kitenzi hakisemi na kiwakilishi hakisemi, mzigo wote unabebwa na jina la mashindano na jina la mchezaji. Majina hayo yakitumiwa ovyo, tukio zima hupotea.

Tuchukue mfano wa mkulima wa korosho huko Mnyambe, katika Wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Tuseme ni mwezi wa Septemba 2016, yuko chini ya mikorosho yake akifyeka majani kabla ya msimu wa kuokota, na redio imetundikwa tawini. Huko Jinja, Uganda, Tanzania Bara inacheza na Kenya katika fainali. Mtangazaji anasema: "Omari amefunga, Bara inaongoza." Halafu baadaye: "Tanzania Bara mabingwa, mabao mawili kwa moja." Hakuna neno hata moja la uongo katika habari hiyo, na Kiswahili chake ni safi. Lakini mkulima wetu atamwona Omari akilini mwake kuwa ni kijana wa kiume, kwa kuwa Omari ni jina la mwanamume. Aliyefunga mabao yote mawili siku ile ni Mwanahamisi Omari, na hilo Omari ni jina linalofuata lake. Desturi ya kumtaja mchezaji kwa jina la mwisho tumeichukua kwa wageni ambao jina lao la mwisho ni la ukoo. Miongoni mwetu jina la pili aghalabu huwa la baba. Tukilitumia peke yake kwa mwanamke, tunamsifu mzazi kwa bao asilolifunga. (Na ni ajabu kidogo kwamba habari hiyo inamfikia msikilizaji wa Kimakonde, ambaye kwa jadi ya kwao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na ambaye lugha yake ya nyumbani, kama Kiswahili, haina kiwakilishi cha jinsi cha kumsaidia.)

Tuje sasa kwenye jina la mashindano. Ya wanaume yana historia ndefu: yalianza mwaka 1926 kwa jina la Kombe la Gossage, ambalo ni jina la mtengenezaji wa sabuni, yakawa Kombe la Chalenji mwaka 1967, na tangu 1973 yakawa chini ya CECAFA. Ndiyo maana neno "Chalenji" likitajwa peke yake watu wazima wote huelewa ni lipi. Ya wanawake yaliwahi kufanyika mara moja, huko Zanzibar mwaka 1986, wenyeji wakashinda, kisha yakakaa kimya kwa miaka thelathini hadi Jinja. Kwa sababu hiyo hayakupata jina lake yenyewe mdomoni mwa watu. Wengine huyaita Chalenji ya wanawake, wengine Kombe la CECAFA la wanawake, wengine michuano ya kina dada.

Matokeo yake yanaonekana katika swali jepesi. Mwulize mpenzi yeyote wa mpira ni lini Tanzania Bara ilitwaa kwa mara ya mwisho ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Wengi watajibu 2010, ilipoifunga Ivory Coast, timu mwalikwa, bao moja kwa bila jijini Dar es Salaam. Jibu hilo ni sahihi kwa timu ya wakubwa ya wanaume. Lakini Bara ilikuwa bingwa tena 2016, na 2018 huko Kigali. Na mwaka 2025 Tanzania ilichukua ubingwa jijini Dar es Salaam kwa kuishinda Kenya bao moja kwa bila. Muulizaji hakutaja wanaume wala wanawake, na mjibu hakukusudia kumdhulumu mtu. Neno "ubingwa" lilipoachwa bila kivumishi lilielekea lenyewe upande liliouzoea.

Kwa maoni yetu jina linalofaa ni Ubingwa wa Wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. "Kombe" ni chombo kinachotolewa, "mashindano" na "michuano" ni shughuli yenyewe, bali "ubingwa" ni ile hadhi inayogombewa. Tena jina hili halidai kuwepo kwa fainali. Jambo hili halizingatiwi sana. Kule Kigali timu tano zilicheza kwa mtindo wa ligi, kila moja na kila moja, na bingwa akapatikana kwa pointi. Kuuita mchezo wa mwisho wa mashindano yale "fainali" ni kosa. Fainali ilikuwepo Jinja 2016, ilikuwepo Chamazi mwezi wa Novemba 2019, Kenya ilipoishinda Bara mabao mawili kwa bila, na ilikuwepo Njeru 2022, Uganda ilipoifunga Burundi matatu kwa moja.

Kuhusu "kina dada" tunasita. Ni neno la upole, na hatupendi kuwapokonya watu upole. Lakini dada ni istilahi ya udugu: humweka mtu katika uhusiano na anayesema. Hatujasikia Kombe la Chalenji likiitwa michuano ya kina kaka. Mpaka hapo litakaposikika, heri "wanawake" litumike katika habari na katika kumbukumbu, na "kina dada" libaki barazani.

Kuna utata mwingine ambao si wa jinsi, nao ni wa Tanzania na Tanzania Bara. Ndani ya CECAFA Bara na Zanzibar ni wanachama wawili mbalimbali, na zimewahi kushiriki mashindano haya kila moja na timu yake. Timu ya Bara ilijulikana kwa jina la Kilimanjaro Queens, na ya Jamhuri nzima ni Twiga Stars, ile iliyofika fainali za Afrika mwaka 2010. Maneno ya Kiingereza yaliyomo katika majina hayo ni mali ya wenye timu, nasi hatuyagusi, ijapokuwa "Malkia wa Kilimanjaro" lingesikika vizuri zaidi masikioni mwetu. Tunachoomba ni kwamba mwandishi asiandike "Tanzania" pale ambapo Zanzibar nayo ina timu yake katika mashindano yale yale.

Yabaki mapendekezo mawili. Mwandishi au mtangazaji amtaje mchezaji kwa jina lake mwenyewe kwanza, "Mwanahamisi" au "Mwanahamisi Omari", na asimwite kamwe "Omari" peke yake. Pili, kivumishi kiwekwe pande zote mbili. Ikiwa tunaandika "ya wanawake" huku, tuandike "ya wanaume" kule, hata kama sikio litaona ni kurefusha maneno. Katika kitabu cha kumbukumbu, basi, ingizo la Tanzania Bara chini ya CECAFA lingesomeka hivi: Kombe la Chalenji la Wanaume, 1974, 1994, 2010, Ubingwa wa Wanawake, 2016, 2018.